Siku ya Tatu: Kumtibu na Kumuuguza Mtoto Mwenye Nimonia ya Maikoplasma katika Bonde la Kilombero

Mhadhara uliotolewa Ifakara mbele ya watumishi wa afya, walimu, wauza dawa na wazazi

Kwa idhini yako, Ndugu Mwenyekiti, nitataja mapema jambo nililokuja kulitetea, ili mwenye kutaka kunipinga ajue pa kunishika.

Mtoto mwenye nimonia inayosababishwa na kimelea kiitwacho maikoplasma anahitaji mambo matatu ili apone salama: dawa inayomfaa, muda wa kutosha, na kuangaliwa mara ya pili. Dawa zipo. Muda tutaupata tukiwa na subira. Kinachopungua ni hilo la tatu, yaani mtoto kurudishwa siku ya tatu tangu aanze dawa, akavuliwa shati, akahesabiwa pumzi upya, na mhudumu akaamua kama waendelee, wabadilishe au wampeleke mbele. Ninachodai ni kwamba kurudi huko ni sehemu ya dozi sawa na kidonge chenyewe, na kwamba mtoto aliyemeza vidonge vyote bila kuangaliwa tena hajamaliza matibabu. Nitaeleza dai hili kwa hoja tano, kisha nitajibu pingamizi nne ambazo najua ziko vichwani mwenu.

Naomba mnivumilie kidogo nitaje mji huu wenyewe. Katika miaka ya 1950 Waswisi walifungua hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na maabara ile ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa miaka mingi watoto wa bonde hili wamechangia damu zao na muda wa mama zao ili dunia ijifunze juu ya malaria, vyandarua na chanjo. Ni haki yetu, basi, kuuliza swali kuhusu ugonjwa usio na sifa kubwa, na kudai jibu lililojengwa juu ya ushahidi.

Hoja ya 1: Homa na kikohozi vina visababishi vingi, na jambo hilo limeshapimwa hapahapa

Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto 1005 wa umri wa miezi 2 hadi miaka 10 waliofika wakiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, baadhi yao Dar es Salaam na wengine hapa Ifakara. Kila mtoto alipimwa kwa kina ambacho zahanati ya kawaida haiwezi kukifikia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Asilimia 62.2 ya watoto hao walikuwa na maambukizi makali ya njia ya hewa. Malaria, ambayo kila mmoja wetu huikumbuka kwanza, ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi na asilimia 22 wa bakteria, na wapo waliokuwa na zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Tena katika maambukizi hayo ya njia ya hewa, ni asilimia 5 tu yaliyothibitishwa kuwa nimonia kwa picha ya kifua.

Tujifunze nini hapo? Kwanza, kikohozi chenye homa kwa kawaida hakihitaji antibayotiki, kwa sababu antibayotiki haigusi virusi. Pili, ndani ya kundi kubwa la watoto wanaokohoa limo kundi dogo lenye nimonia, na ndani ya kundi hilo dogo limo jingine dogo zaidi ambalo dawa tuliyozoea haitalisaidia. Mhudumu aliyekaa Lupiro au Mngeta hana darubini ya kuyatenganisha makundi hayo siku ya kwanza. Akitaka kuyatenganisha kwa kubahatisha atakosea mara nyingi, na akiamua kumpa kila mtoto kila dawa atakosea kwa namna nyingine. Chombo alicho nacho cha kutenganisha ni mwenendo wa ugonjwa wenyewe, na mwenendo hauonekani kwa kumtazama mtoto mara moja.

Hoja ya 2: Maikoplasma haina ukuta, na amoksilini hubomoa ukuta

Kimelea hiki kilimtatiza hata aliyekigundua. Mwaka 1944 daktari wa Marekani Monroe Eaton alikipata katika makohozi ya wagonjwa wa nimonia, na kwa kuwa kilikuwa kidogo kiasi cha kupita kwenye vichujio vinavyozuia bakteria, ilidhaniwa kuwa ni kirusi. Haikujulikana kwa hakika kuwa ni bakteria mpaka mwaka 1962, Robert Chanock, Leonard Hayflick na Michael Barile walipofanikiwa kukiotesha maabara. Ni bakteria, lakini ni bakteria wa ajabu: hana ule ukuta mgumu unaowazunguka bakteria wengi. Amoksilini, penisilini na dawa za ukoo wao huua kwa kuzuia ukuta huo usijengwe. Asiye na ukuta hana cha kubomolewa, kwa hiyo ukiongeza vidonge, ukibadilisha kuwa sindano, au ukipandisha kutoka penisilini hadi seftriaksoni, bado uko palepale. Dawa zinazomfikia ni zile zinazozuia bakteria asitengeneze protini zake: kundi la makrolaidi, ambamo mna erithromaisini na azithromaisini, na pia doksisaiklini, ambayo daktari huiamua kwa kuangalia umri na hali ya mtoto.

Ugonjwa wenyewe una tabia zake. Humpata zaidi mtoto wa umri wa kwenda shule, kati ya miaka 5 na 15, ingawa wadogo pia huupata. Huenezwa kwa matone ya kikohozi kati ya watu wanaokaa karibu, kwa hiyo hupenda nyumba, darasa na bweni. Kuanzia mtoto aambukizwe hadi aumwe huchukua wiki 1 hadi 4, ndiyo maana katika nyumba moja utaona dada anaanza kukohoa wakati kaka anapona, na mama anaapa kwamba ni kikohozi kilekile kisichoisha. Huanza polepole: uchovu, kichwa, koo, homa isiyo kali sana, kisha kikohozi kikavu kinachozidi siku hadi siku. Mtoto anaweza kuendelea kwenda shule akiwa na mapafu yanayougua. Mara chache ugonjwa hutoka nje ya kifua: vipele na vidonda vya mdomo na macho, upungufu wa damu, au hata uvimbe wa ubongo. Na kila baada ya miaka michache huja wimbi. Baada ya miaka ya UVIKO, ambapo kimelea hiki kilikuwa karibu kimepotea, kilirudi kwa nguvu China, Ulaya na Marekani mwaka 2023 na 2024.

Hoja ya 3: Amoksilini ibaki ya kwanza kwa mtoto mdogo, na siku ya tatu ndiyo inayogawa njia

Baada ya kusikia hoja ya pili, msikilizaji mwepesi anaweza kusema: basi tuache amoksilini. La hasha. Anayeua watoto wadogo kwa haraka ni nyumokoko na wenzake wenye ukuta, na hao amoksilini inawaweza. Chanjo ya Hib, mmoja wa wenzake hao, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009, na ya nyumokoko iliyofuata miaka michache baadaye, zimepunguza hatari lakini hazikuifuta. Mtoto wa miezi 14 anayepumua kwa kasi apewe amoksilini leo, si kesho. Kumnyima kwa sababu huenda ni maikoplasma ni kumwacha wazi mbele ya adui mkali ili kumkimbiza adui dhaifu.

Tuangalie kazi hii kwa karibu. Mama anakaa, mtoto yuko mapajani, ametulia, hanyonyi wala halii. Shati linapandishwa mpaka kifua na tumbo vionekane. Mhudumu anashika saa na kuhesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni kupumua kwa kasi. Kisha anatazama chini ya mbavu: je, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa? Anasikiliza kama kuna sauti ya filimbi. Akimaliza, anaandika kwenye kadi idadi ya pumzi, joto, na tarehe ya kurudi. Idadi hiyo iliyoandikwa ndiyo itakayoipa siku ya tatu maana yake, maana huwezi kusema pumzi zimepungua kama hukuandika zilikuwa ngapi.

Siku ya tatu ikifika, njia ni tatu. Mtoto ambaye homa imeshuka, pumzi zimepungua na ameanza kula, amalize dawa yake hata kama bado anakohoa. Mtoto ambaye hajabadilika, si mbaya zaidi wala si nafuu, ndiye wa kuulizwa upya: ana umri gani, kikohozi kilianza ghafla au polepole, nani mwingine nyumbani au darasani anakohoa, dawa imemezwa kweli? Akiwa amefikisha umri wa shule na majibu yanaelekea kwa maikoplasma, hapo ndipo makrolaidi inapostahili. Mtoto ambaye amezidiwa apelekwe hospitali, kwa sababu huenda kuna maji au usaha kifuani, huenda ni TB, huenda ni VVU ambavyo havijatambuliwa, na kwa mtoto mdogo huenda ni punje ya karanga iliyoingia njia ya hewa. Watoto wote watatu walipewa karatasi ileile ya dawa siku ya kwanza, na tofauti yao ikaonekana waliporudi. Kwa mtoto mkubwa wa shule ambaye tangu siku ya kwanza dalili zote zinaelekeza kwa maikoplasma, daktari anaweza kuanza na makrolaidi, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2011 unasema hivyo. Hata huyo bado anatakiwa kurudi, kwa kuwa dalili zinaweza kudanganya.

Hoja ya 4: Kupona ni kwa polepole, na asiyejua hilo atatibu kupona kana kwamba ni ugonjwa

Hapa nawaomba wazazi na wauza dawa wanisikilize zaidi. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yao ni kusukuma makohozi na vumbi kutoka nje ya mapafu. Maikoplasma hujishikiza kwenye vinyweleo hivyo na kuviharibu kwa sumu inazotoa. Dawa ikishamuua bakteria, vinyweleo vilivyoharibika havirudi siku hiyohiyo. Mwili unavijenga upya kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo njia pekee ya kusafisha mapafu ni kukohoa. Kwa hiyo kikohozi kinaweza kuendelea wiki 3 au 4, na kwa wengine zaidi, wakati mtoto hana homa, anakula, anacheza na kulala vizuri. Mpunga hauivi upesi kwa sababu umeuongezea mbolea baada ya kuchanua, na vivyo hivyo kikohozi cha kupona hakiishi upesi kwa sababu umeongeza antibayotiki ya pili, ya tatu na ya nne.

Makosa mengi yanatokea katika wiki hizo. Mzazi anasikia kikohozi cha usiku na kuona dawa imeshindwa. Anakwenda dukani, anapewa nusu dozi ya kitu kingine, halafu dawa ya maji ya kikohozi, halafu sindano. Kipimo sahihi cha kupona si kikohozi. Ni homa, pumzi, hamu ya kula na nguvu za kucheza. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji ya kutosha, chakula kidogokidogo mara nyingi, usingizi, na kuwekwa mbali na moshi wa kuni na mkaa, jambo ambalo mara nyingi linawezekana kwa kuhamisha jiko tu au kumhamisha mtoto. Aliyezidi mwaka 1 anaweza kupewa asali ili kutuliza koo. Akiwa hana homa na ana nguvu, arudi shule, na mwalimu amruhusu kupumzika wakati wa michezo badala ya kumrudisha nyumbani kila anapokohoa. Picha ya kifua ya kuthibitisha kupona haihitajiki kwa mtoto ambaye hali yake inaonyesha amepona.

Lakini nisieleweke vibaya. Nchini kwetu kikohozi kinachozidi wiki 2 ni sababu ya kumchunguza mtu TB, na sharti hilo lisimame. Kikohozi kirefu chenye kupungua uzito, homa za jioni, jasho la usiku, au mtu mwenye TB nyumbani, kisiitwe kikohozi cha kupona. Ndiyo sababu nasema subira yenye macho, wala si subira ya kukaa nyumbani na kungoja. Na kumtofautisha anayepona na anayeugua kunamtaka tena yuleyule mhudumu mwenye kadi yenye tarehe na uzito wa mara iliyopita.

Hoja ya 5: Wapo watoto ambao siku ya tatu kwao ni mbali mno

Kila kanuni ina mipaka, na yangu inayo. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye midomo ya bluu, au anayekoroma akiwa ametulia, asipewe tarehe ya kurudi. Aende hospitali saa hiyohiyo. Kipima oksijeni cha kidole, kifaa kidogo kinachotosha kwenye kiganja, kinaweza kugundua upungufu wa hewa ambao macho hayauoni, na kingekuwa vizuri kiwepo katika kila zahanati ya bonde.

Kundi la pili ni watoto wenye siko seli. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na bondeni kwetu, ambako malaria imekaa vizazi na vizazi, hawakosekani. Kwao maikoplasma si ugonjwa mwepesi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza matukio 598 ya lile shambulio la kifua linalowapata wagonjwa wa siko seli, na kukuta maikoplasma katika asilimia 9 ya matukio hayo, wakiwemo watoto wadogo. Kwa sababu hiyo mtoto wa siko seli mwenye homa, maumivu ya kifua na kikohozi hulazwa na kupewa tangu mwanzo dawa za makundi yote mawili, yaani za kubomoa ukuta pamoja na makrolaidi. Mzazi wa mtoto huyo asiondoke kliniki bila kuambiwa hivyo.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza: kama hatujui ni kimelea kipi, kwa nini tusitoe amoksilini na azithromaisini kwa pamoja siku ya kwanza, tukaokoa safari? Hoja hii ina huruma ndani yake, na inaweza kujitegemeza kwa utafiti mkubwa. Katika nchi za Niger, Malawi na Tanzania, watoto walio chini ya miaka 5 waligawiwa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 13.5 kwa jumla. Lakini tuangalie nchi moja moja. Niger punguzo lilikuwa asilimia 18.1. Kwa Tanzania, ambako kazi ilifanyika Kilosa, jirani zetu wa mkoa huuhuu, lilikuwa asilimia 3.4, kiwango kidogo kisichoweza kutofautishwa na bahati. Upande wa pili wa mizani kuna usugu. Shirika la Afya Duniani limeiweka azithromaisini katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, na si bure: katika maeneo mengi ya China zaidi ya asilimia 80 ya maikoplasma haisikii tena makrolaidi. Wenzetu wa China wakishindwa wana dawa mbadala na vipimo vya kuwaongoza. Sisi tukiipoteza azithromaisini, tutakuwa tumewapoteza pia watoto wanaoihitaji kweli.

Pingamizi la pili: basi tuletewe kipimo. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walipima kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, watoto wenye dalili za njia ya hewa na watoto wasio na dalili zozote. Maikoplasma ilikutwa kwa asilimia 16.2 ya wenye dalili na asilimia 21.2 ya wasio nazo. Kipimo kilisema kweli kwamba kimelea kipo, ila hakikuweza kusema kwamba ndicho kinachomuumiza mtoto. Sisi watu wa nchi ya malaria tunalijua fumbo hilo vizuri, maana mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na homa yake ikatoka kwingine. Kipimo ni msaada hospitalini, kwa mtoto mgumu, lakini hakitachukua nafasi ya kumwangalia mtoto mara ya pili.

Pingamizi la tatu: watoto wengi wenye maikoplasma hupona wenyewe, kwa nini tuhangaike? Ni kweli wengi hupona wenyewe, na uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2015 ulikuta kwamba ushahidi wa faida ya antibayotiki kwa watoto hawa bado haujatosha. Mimi naliona hilo kuwa linaniunga mkono. Kama dawa haina uhakika wa kumsaidia kila mtoto, basi tuihifadhi kwa yule ambaye siku ya tatu imemwonyesha kuwa hapati nafuu, badala ya kumwaga kwa wote.

Pingamizi la nne ndilo zito, na sitalipita haraka. Mtasema: kurudi siku ya tatu ni maneno ya watu wa mjini. Msimu wa kilimo familia nzima inahamia shambani, mbali na zahanati, katika vibanda vya kulindia mpunga. Mvua ikinyesha njia zinajaa maji. Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018, limeondoa mateso ya kivuko katika kwenda Ulanga na Malinyi, lakini halimfikishi mama kutoka shambani hadi barabarani. Nauli ya kwenda ni tatizo, ya kurudi tena ni tatizo maradufu. Yote hayo ni kweli. Jibu langu ni kwamba sijasema lazima mtoto ndiye asafiri. Nimesema lazima aangaliwe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa anaweza kuhesabu pumzi shambani. Mwenye duka la dawa muhimu anaweza kuuliza maswali manne: homa, pumzi, kula, kucheza. Simu inaweza kutumika pale miguu inapokwama. Na mzazi mwenyewe, akifundishwa siku ya kwanza kutazama mbavu, ni mwangalizi mzuri kuliko sisi sote kwa kuwa analala na mtoto.

Tena tunao ushahidi kwamba kutazama kwa utaratibu kunalipa. Miaka ya mwanzo ya 2000, wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako wahudumu walikuwa wamefundishwa mpango wa IMCI wa kuchunguza mtoto mgonjwa hatua kwa hatua, zililinganishwa na wilaya mbili ambazo hazikuwa zimeuanza, nazo ni Kilombero na Ulanga. Vifo vya watoto wadogo vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kwa wenzetu wa Morogoro Vijijini na Rufiji. Na kuanzia mwisho wa 2021 hadi 2022, katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, nusu ya vituo vilitumia mwongozo wa kwenye kompyuta ya mkononi pamoja na vipimo vichache na kipima oksijeni. Walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 23.2, dhidi ya asilimia 70.1 katika vituo vya kawaida, na walipofuatiliwa siku ya 7 watoto wa upande wa dawa chache hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Kupunguza dawa kulikuwa salama kwa sababu mtoto alichunguzwa kwa mpangilio na hali yake ikaendelea kufuatiliwa.

Tunakoelekea

Nimalizie kwa kutazama mbele. Mpango wa IMCI unamwangalia mtoto mpaka anapotimiza miaka 5, na msamaha wa ada katika vituo vya serikali unaishia hapohapo. Maikoplasma ndiyo kwanza inaanza kumtafuta. Mtoto wa darasa la kwanza anayekohoa wiki ya pili hana kadi ya kliniki inayofuatiliwa, hana mwongozo uliobandikwa ukutani kwa ajili yake, na mzazi wake sasa analipia kila safari. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na daktari mmoja. Ule mwongozo wa kompyuta niliotaja uliandaliwa kwa watoto wote walio chini ya miaka 15, na hapo tumeonyeshwa kwamba kuziba pengo hilo kunawezekana. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, itakuwa imemfaa mtoto huyu pale itakapolipia ziara ya pili kama inavyolipia ya kwanza.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Halmashauri zetu ziweke kipima oksijeni na saa ya kuhesabia pumzi katika kila zahanati, na ziwape wahudumu wa jamii jukumu la kumfuatilia mtoto wa nimonia siku ya tatu, hata aliyezidi miaka 5. Wenye maduka ya dawa wasiuze azithromaisini kwa sababu tu kikohozi hakijaisha. Walimu waandike wanafunzi wanaokohoa kwa wiki mbili na kuwapa wazazi taarifa, kwa sababu darasa ndilo linaloona wimbi kabla ya hospitali. Na taasisi yetu ya utafiti, iliyoueleza ulimwengu visababishi vya homa ya mtoto wa Ifakara, ituchunguzie sasa mtoto wa shule mwenye kikohozi kirefu, ili mwongozo utakaoandikwa kwa ajili yake ujengwe juu ya watoto wa hapa.

Wazazi, nanyi ninayo ya kuwaachia. Mnapopewa dawa ya kifua ya mtoto, msiinuke kwenye kiti kabla hamjauliza maswali mawili: nirudi lini, na nikiona nini nisingoje siku hiyo? Mhudumu asipokuwa na jibu, mngojee mpaka alipate.